Maharage ya Bi Zuhura na Ufunguo Usioandikwa

Wenzangu wa maabara mmeniomba niandike kuhusu ufunguo. Mnasema kila mgeni anayefika Same huuliza habari za visanduku vyetu vya maji, vile vinavyojitengenezea siri yao kutoka kwenye vihisi, nanyi mnamweleza hesabu zake vizuri tu. Lakini akiuliza kwa nini fomu yetu inaanza na kauli ya msimamizi wa kisima kabla ya namba yoyote, mnabaki kutazamana. Basi nimekaa barazani kwangu, mgongo ukiniuma kidogo, naandika. Vyeo nilivyopata sitavitaja, maana vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichobadilisha namna ninavyosuuza chupa. Nitakachoeleza ni jinsi nilivyomkosea mwanamke mmoja mara mbili, na yaliyonibidi niyafanye ili jina lake lisichafuke kwa kosa langu.

Nilishuka Same siku ya kwanza ya kazi nikitokea kwetu Gonja, kwa basi lililozunguka kupitia Kisiwani na kunivalisha vumbi kabla sijavaa koti jeupe. Mlimani nilizoea ukungu na maji yanayopita nyuma ya nyumba bila kuombwa. Same nikakuta upepo wa kung'oa mabati na chai yenye ladha ya chumvi. Chai ile niliimwaga kistaarabu, nikajifanya nimeshiba. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nakunywa vikombe viwili bila kuwaza. Hilo nataka mlijue mapema: mtu huzoea maji mabaya upesi sana, na akishazoea si shahidi tena.

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya mabomba. Mwenyeji wangu humo alikuwa Mzee Hamadi, mtu wa Same mjini, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara ambaye duka lilimshinda kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakuweza kumwambia mteja kwamba mchele mbaya ni mzuri. Nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Umewahi kubebeshwa yai la jirani?"

Nikamjibu kwamba sijawahi.

"Leo utabeba," akasema, akaniwekea mkononi kijiti cha kioo cha kupimia uchachu wa maji. Ncha yake ilikuwa kigololi chembamba kuliko ganda la yai.

Asubuhi ile nzima sikupima maji yoyote. Nilifundishwa kusuuza kijiti mara tatu, kukikausha kwa kukigusisha karatasi laini, na kukirudisha kwenye kichupa chake kinapopumzika. Kukisugua lilikuwa kosa pekee lililomfanya Mzee Hamadi apandishe sauti. Kisha akanifungulia daftari lake. Tulikuwa na vijiti saba, vyote vya kiwanda kimoja na vya boksi moja, na kila kimoja kilikuwa na ukurasa wake. Namba mbili: mvivu asubuhi, mpe dakika tano. Namba tatu: husoma juu kidogo kwenye maji ya chumvi. Namba sita: mwaminifu, ila hapendi joto. Nikacheka, nikamuuliza kama vinapewa na chakula cha mchana.

"Cheka tu," akasema. "Hakuna viwili vinavyofanana. Usipozijua tabia zao utawalaumu watu wa maji kwa kosa la kijiti. Andika. Kisichoandikwa hakijapimwa."

Nimeandika tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, na mtaona huko mbele kwamba karibu maandishi hayo yaniponze.

Huko visimani kazi ilikuwa ya kibabe zaidi. Kupima chumvi tulitumia vijiti viwili vya chuma vilivyotumbukizwa ndani ya tangi, na maji ya tambarare yetu yaliviwekea ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Ukoko ukizidi, kipimo kinadanganya. Dawa yake niliitoa jikoni kwa mama yangu: ndimu, majivu na dodoki. Nikazunguka vituo vyote vya chini nikiwa na ndimu kwenye mkoba, nikiwafundisha wasimamizi kusugua mpaka chuma king'ae. Somo lile nililipenda kupita kiasi, kama mtu anavyopenda jambo alilolibuni mwenyewe, na kila nilipopita niliuliza, "Mmesugua?" Aliyelishika kuliko wote alikuwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mjane, mkulima wa mahindi na choroko, na kijiji chake kilimchagua kushika funguo za kituo cha maji kilichoko tambarare, kabla hujafika Lembeni. Amenizidi miaka sita. Ni mwembamba, hana haraka, na mtu anayevuruga foleni ya ndoo mbele yake hujuta. Kituo chake kina maji ya aina mbili: ya kisima kirefu, yenye chumvi, na ya bomba linaloshuka kutoka chemchemi ya mlimani. Valvu mbili huyachanganya kabla hayajaingia tangini. Mchanganyiko ukiwa sawa, yananyweka. Ya mlimani yakipunguzwa, yanakuwa machungu, na makande hayaivi hata uyachochee mchana kutwa. Wakati huo kazi ya kurekebisha valvu alipewa mkandarasi mmoja, ambaye jina lake halinihusu tena.

Mzee Hamadi alipostaafu aliniachia daftari na kiti kibovu. Alikuwa amekwisha kufariki vilipoletwa visanduku vya kwanza, na nikiri kwamba nilivishangilia, hasa magoti yangu yalivishangilia. Kila tangi lilipewa kisanduku chenye kihisi cha chumvi, paneli ndogo ya jua na laini ya simu, na kila saa namba zilijileta ofisini zenyewe. Ndani ya kumbukumbu ya kila kisanduku kuliandikwa namba ndefu ya siri, ambayo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Seva ikiona sahihi hiyo inajua namba zimetoka tangi gani. Tuliambiwa haighushiki.

Asubuhi moja Bi Zuhura akanipigia simu.

"Mama Elia, maji yamebadilika."

"Yamebadilikaje, Bi Zuhura?"

"Maharage yamekataa kuiva tangu Jumatatu. Mbuzi nao wananusa, wanaondoka."

Nikaitazama kompyuta. Namba za kituo chake zilikuwa nzuri, saa baada ya saa, bila doa.

"Pengine maharage ni ya zamani," nikamwambia. "Huku yanaonekana mazuri. Mashine haisemi uongo."

"Haya, mama," akasema.

Alipiga tena mara mbili katika wiki zilizofuata, nami nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakupiga. Nilidhani ameridhika.

Kilichonizindua hakikuwa huruma, na hilo bado linaniuma. Kilikuwa ni mazoea ya daftari. Nilikuwa nanakili namba za vituo kwa kalamu, kazi ambayo vijana wa ofisini waliicheka, nikagundua kwamba kihisi cha kituo kile hakizeeki. Vingine vyote vilipanda na kushuka kidogo, vikachoka kwa ukoko, vikaathirika na jua la saa nane. Kile kilikwenda sawa miezi minne mizima. Kwenye daftari la Mzee Hamadi hapakuwa na kijiti hata kimoja kisicho na kasoro. Nikachukua gari nikaenda bila kumwarifu mtu.

Kisanduku cha tangini kilikuwepo, taa yake ikiwaka kwa heshima zote, lakini laini ya simu ilikuwa imetolewa. Pacha wake, kisanduku kingine chenye laini hiyo, nilimkuta kwenye kibanda cha mkandarasi, amenakiliwa ile namba ya siri kutoka kwenye kumbukumbu ya kaka yake, na kihisi chake kimelazwa ndani ya ndoo ya maji ya mlimani. Ndoo ilifunikwa sahani ili mende wasiingie. Maji yenyewe ya mlimani yalikuwa yamegeuziwa kwenye mashamba yake ya vitunguu. Vitunguu, kwa kusema haki, vilikuwa vizuri sana.

Mkandarasi aliondolewa, valvu zikarudishwa, nami nikaenda kumwomba Bi Zuhura radhi. Nilimkuta anapepeta choroko. Hakuinuka.

"Shule mimi niliishia la nne, Mama Elia," akasema. "Lakini ulimi wangu hauna laini ya kutolewa."

Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona katika kazi. Miezi minne wanawake wa pale walitembea na ndoo kutafuta maji kwingine, watoto wao wakanywa walichopata, na kila walipolalamika jibu lao lilikuwa sauti yangu kwenye simu. Nikarudi Same nimekata shauri. Sikuwa nimebakiza miaka mingi kazini, na nilitaka kabla sijaondoka pawe na kisanduku kisichoweza kunakiliwa. Niliandika barua kwa kila mtu niliyedhani anaweza kusaidia. Wengi hawakujibu. Mmoja alinitumia kalenda.

Aliyejibu alikuwa Injinia Rehema, mzaliwa wa Mwanga anayefundisha chuo kikuu. Alikuja mwenyewe, akaniamkia, akaweka juu ya meza kibamba kidogo chenye ukubwa wa stempu mbili.

"Mama, kosa la vile vya zamani ni kwamba siri yake imeandikwa," akasema. "Kilichoandikwa kinasomeka, na kinachosomeka kinanakiliwa. Hiki hakina siri iliyoandikwa popote."

"Sasa kimeificha wapi?"

"Hakijaificha. Kinaitengeneza kinapoihitaji, halafu kinaisahau."

Kibamba kile kilikuwa na vihisi sitini na vinne, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi, na kila kimoja kimepakwa utando mwembamba unaoitikia kemikali za maji. Utando huo, akaeleza, umimine hata mara elfu kwa mashine ileile, hutapata viwili vilivyolingana kabisa. Ukivitumbukiza vyote kwenye bafa, yaani maji ya maabara ambayo jibu lake unalijua tayari, kila kimoja kitatoa volti zake zilizopishana kidogo na za mwenzake. Kisanduku kinawalinganisha wawili wawili: wa kwanza akizidi, andika moja, asipozidi, andika sifuri. Mfululizo wa moja na sifuri ndio ufunguo. Ukikivunja kisanduku na kuisoma kumbukumbu yake yote, hutaukuta. Ukitengeneza kingine, kitakuwa na ufunguo mwingine. Na kwa kuwa vihisi hivyohivyo ndivyo vinavyopima chumvi, anayetaka kudanganya itambidi akibebe kibamba chenyewe, nacho kiko mbele ya macho ya msimamizi kila asubuhi.

Nikaenda kabatini nikamletea daftari la Mzee Hamadi. Alifungua, akasoma kwa sauti: "Namba sita: mwaminifu, ila hapendi joto." Kisha akasema, "Mama, mimi nimesoma miaka mingi kufika kwenye sentensi hii."

Tukaanza majaribio, na Same ikatuonyesha kazi. Ufunguo uliotoka asubuhi haukuwa uliotoka saa saba mchana. Tukajaribu wiki tatu, kila siku tukipata mlango usiomtambua mwenye nyumba. Rehema alihangaika na hesabu, mimi nikahangaika na safu za namba nilizokuwa nikiziandika, mpaka nikaona kwamba wanaotusumbua ni walewale: jozi za vihisi vilivyokaribiana mno. Joto likipanda kidogo, aliyekuwa nyuma anampita mwenzake.

"Wanaolingana sana ndio wanaogombana," nikamwambia. "Waache. Chukua waliopishana mbali tu."

Akaziondoa jozi hizo, akaongeza hesabu ya kusahihisha makosa madogo. Mimi nikaleta adabu za kioo: suuza mara tatu, bafa ndani ya kikombe, kivulini, dakika kumi, kabla ya saa mbili asubuhi. Ufunguo ukatulia. Ulitoka uleule siku baada ya siku, nami nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu, jambo ambalo mume wangu analijua.

Tuligombana mara moja tu na Rehema. Aliona daftari langu jipya, lenye majibu ya vihisi vyote sitini na vinne kwa kila siku ya majaribio.

"Mama, hayo unayoandika ndiyo ufunguo. Umeuandika kwa kalamu."

Akaniomba nilichome. Nilimwambia nitalichoma, na baada ya siku mbili nikamwambia nimelichoma. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelifungia kabatini chini ya makoti. Miaka yote hiyo ya kuandika mtu haitupi kwenye moto kwa sababu injinia amesema.

Kisanduku cha kwanza tulikiweka kwa Bi Zuhura, kwa ombi langu. Nilimfundisha kukitumbukiza kibamba kwenye kikombe cha bafa kila asubuhi, kuhesabu dakika na kukirudisha tangini. Aliuliza swali moja.

"Hii nayo haisemi uongo?"

"Sijui," nikamjibu. "Tutaiangalia pamoja."

Alifanya kazi ile bila kukosea miezi mitatu. Kisha tukapewa taarifa kwamba wageni wa makao makuu watafika Jumatatu kukiona kisanduku na kuamua kama vituo vyote vya tambarare vipate, au turudi kwenye vile vya zamani. Kijiji kikaitisha msaragambo siku ya Jumamosi. Kwetu msaragambo ukiitwa, kila nyumba inatoa mtu, iwe ni kufungua mfereji au kujenga darasa, na anayebaki nyumbani hubaki na aibu yake. Walifyeka nyasi, wakasafisha tangi, wakapaka chokaa mawe ya njiani.

Jumapili asubuhi kisanduku kilikataliwa. Seva iliandika kwamba hakitambuliki. Mkuu wetu wa kitengo akanipigia simu kabla sijatoka kwenda ibadani.

"Yule mama amebadilisha kisanduku," akasema. "Ni mchezo wa mkandarasi uleule. Nimemwambia mwenyekiti wa kijiji amnyang'anye funguo kabla wageni hawajafika."

Sikwenda ibadani. Nilimkuta Bi Zuhura ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa khanga mpya aliyoiweka kwa ajili ya wageni.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba."

"Nani amekigusa kisanduku?"

"Mimi."

"Ulikifanya nini?"

"Ulichonifundisha."

Akanionyesha. Juu ya ukuta wa tangi kulikuwa na nusu ndimu, kopo la majivu na dodoki. Kibamba kilikuwa kinang'aa kama sufuria ya harusi. Wageni wanakuja, kila kitu kimesafishwa, ukoko mweupe umeanza kujitokeza pembeni ya kibamba, naye akakumbuka somo la Mama Elia, akakisugua mpaka akaridhika.

Niliketi chini. Nilikuwa nimemfundisha kikombe, kivuli na dakika kumi. Neno "usisugue", ambalo mimi nilifundishwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, sikumwambia, na somo la ndimu nililolizungusha tambarare nzima sikuwahi kulifuta.

"Mwenyekiti amekwisha kuchukua funguo?" nikauliza.

"Asubuhi hii. Miaka kumi na tisa nimezishika. Amenambia niseme nilipokificha kile cha kweli." Alikunja ncha ya khanga. "Yule wa vitunguu walimwondoa kwa barua. Mimi nimeondolewa mbele ya majirani."

Nilimwambia kosa ni langu. Akasema anajua, ila kujua kwake hakutamrudishia funguo.

Nikarudi Same na kibamba. Rehema alikuwa amekwisha kufika kwa ajili ya wageni. Tukakitazama kwa kioo cha kukuzia: sehemu yote ya katikati utando umeondoka, umebaki uwazi mweupe. Safu mbili za kando tu, zilizofichwa na ukingo wa plastiki, dodoki halikuzifikia. Vihisi kumi na sita kati ya sitini na vinne. Havitoshi kutengeneza ufunguo, wala hesabu ya kusahihisha makosa isingeweza kuziba pengo la namna hiyo.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Rehema, wewe unaweza kukipa kibali kutoka kwenye seva," akasema. "Mpaka wageni waondoke tu. Hawatajua."

Rehema akanitazama. Alikuwa anaweza, na niliona kwamba anaogopa kuulizwa.

"Hapana," nikasema. "Ukifungua mlango wa nyuma leo kwa ajili ya wageni, kesho mtu mwingine ataujua. Hiyo ni ndoo ileile, tumeifunika sahani nyingine."

"Basi kesho tutasema nini, mama?" mkuu akauliza. "Na yule mwanamke?"

Nikafungua kabati, nikaondoa makoti, nikaweka daftari mezani. Rehema alilitambua kabla sijalifungua.

"Ulisema umelichoma."

"Nilikudanganya."

Akavuta kiti, akalifungua. Tulikilaza kibamba kwenye bafa, kivulini, dakika kumi, tukasoma vile kumi na sita kimoja kimoja kwa mita ya volti na kulinganisha na kurasa zangu. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tano wa safu ya mwisho, niliyemwandikia "mvivu, humsubiri mwenzake", alichelewa vilevile kama alivyochelewa siku zote. Wote kumi na sita walijibu kama walivyoandikwa, kwa mpangilio ule ule wa nani anamzidi nani. Kilikuwa kibamba chetu. Seva haingeweza kujua hivyo, lakini mwanadamu mwenye macho angeweza.

Jumatatu wageni walikuja na magari mawili. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani, asiyependa hotuba. Mwenyekiti alianza moja, akaikatisha mwenyewe. Nikasimama mbele ya kijiji na kueleza yote kwa mpangilio: kisanduku kimekataliwa, kimesuguliwa kwa ndimu, aliyefundisha ndimu ni mimi. Nikaonyesha daftari na vihisi kumi na sita, nikasema pia kwamba daftari hilo halikutakiwa kuwepo, na kwamba nililificha kwa uongo.

Yule mama alikitazama kibamba kwa muda.

"Kwa hiyo hata ninyi mliokitengeneza hamuwezi kukirudishia ufunguo wake?"

"Hatuwezi," nikasema.

"Na njia ya pembeni?"

"Ilikuwepo," Rehema akajibu. "Mama huyu aliikataa." Mkuu wa kitengo akakohoa, akajishughulisha na simu yake.

Yule mama akamgeukia Bi Zuhura, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu wote. "Maji yakoje leo, bibi?"

Bi Zuhura akaja mbele, akakinga kikombe kwenye koki, akanywa bila haraka. "Mazuri. Jana yalikuwa na tope la msaragambo. Chumvi imepanda kidogo kuliko wiki iliyopita, mtu akaitazame valvu."

Nikapima kwa kipimo cha mkononi mbele ya watu wote. Chumvi ilikuwa imepanda kidogo. Fundi akatumwa kwenye valvu.

"Mwenyekiti," yule mama akasema, "mrudishie funguo zake. Hapahapa, kama ulivyozichukua."

Zikarudishwa. Watu hawakushangilia. Mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake mbele kwenye foleni, na Bi Zuhura akamwambia arudi nyuma, nikajua mambo yamekaa sawa. Visanduku vilikubaliwa siku ile ile, maana kinachowakataa hata waliokitengeneza kitamkataa na mwizi, kwa sharti kwamba vibamba vifunikwe wavu ambao dodoki halipiti, na cha Bi Zuhura kikapewa kibamba kipya.

Kabla hatujaondoka Rehema alinikabidhi daftari langu. Kwenye mafiga ya Bi Zuhura kulikuwa na sufuria kubwa ya makande ya wageni. Nikachuchumaa, nikachana kurasa na kuziingiza motoni moja baada ya nyingine, pamoja na ule mstari wa yule mvivu. Iliniuma, nisidanganye tena. Nilijisikia namvunjia heshima Mzee Hamadi mbele ya macho yake. Bi Zuhura alichochea kuni, akaniambia nisiweke zote kwa pamoja, nitauzima moto. Daftari la Mzee lenyewe halina ufunguo wa mtu yeyote, nimewaachia kabatini.

Mwezi uliofuata nilizunguka vituo vyote nikifuta somo la ndimu. Kulifuta kulichukua muda mrefu kuliko kulifundisha. Kisha Rehema akaniomba niandike fomu ya asubuhi, na mstari wa kwanza nikaweka: Maji yakoje leo, kwa kauli ya msimamizi? Ufunguo ukafuata, kisha namba za chumvi. Waliuliza kutoka juu mstari huo una sayansi gani. Niliandika barua tatu kuutetea, na katika ile ya tatu nilisema kwamba ukiondolewa nami nitaondoka nao. Nilikuwa nimebakiza wiki sita kustaafu, lakini sikuona haja ya kuwakumbusha.

Fomu ya kwanza iliyojazwa ililetwa mezani kwangu siku yangu ya mwisho kazini, kutoka kituo cha kabla hujafika Lembeni. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeishia la nne, herufi kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka mahali pamoja. Kwenye mstari wa kwanza Bi Zuhura alikuwa ameandika: Maharage yameiva. Mashine nayo imekubali.